Wimbo Usio na Do

Mzee wa Kiiraqw akisimama kusema slufay, huwezi kusema anaimba, na huwezi kusema anazungumza. Sauti imeshapanda kupita mazungumzo ya kawaida, mistari inakimbizana, na kila mstari unapokatika waliokaa wanaitikia kwa pamoja. Mwitikio huo ni sehemu ya shairi. Ukiuondoa, mzee hana pa kukanyaga kuelekea mstari unaofuata. Anaombea mvua, mifugo, uzazi, afya na amani kati ya majirani. Anataka ubaya uende mbali na wema ukae karibu. Maneno mengine ameyapokea kwa waliomtangulia, mengine anayatunga palepale kufuatana na jambo lililowakutanisha, iwe kikao cha kumaliza ugomvi au pombe iliyopikwa nyumbani kwa mtu. Hakuna jukwaa wala tiketi. Kuna watu wachache wanaofahamiana, sauti moja inayoongoza, na maneno ambayo kila mmoja anayapima.

Kansay ni kata ya wilaya ya Karatu, kwenye nyanda za juu ambako Wairaqw walienea kutoka Irqwa Da'aw, kitovu chao cha zamani katika milima ya Mbulu. Watu wa nyanda hizi wanalima mahindi, maharage na mbaazi, wanafuga, na Jumapili wanaimba kwaya. Katika sura hii nataka kuandaa jioni moja ya muziki mahali hapo: nyimbo za mashairi zilizotungwa Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20, zile ambazo hata Wazungu wenyewe wengi walizikimbia, pamoja na kazi za watunzi wa kwetu. Mwimbaji mmoja, wapigaji watatu au wanne, darasa la shule ya msingi, watu wamekaa kwenye madawati. Jioni hiyo haijafanyika. Naamini inaweza kufanyika, na naamini wasikilizaji wa Kansay wataingia darasani na kitu ambacho wasikilizaji wa Vienna hawakuwa nacho mwaka 1913.

Muziki wenyewe ni huu: mtunzi anachukua shairi lililokwisha kuandikwa na mtu mwingine, analitungia sauti ya mwimbaji mmoja na piano au vyombo vichache, na linaimbwa katika chumba ambamo msikilizaji wa mwisho bado anasikia pumzi ya mwimbaji. Franz Schubert wa Vienna, aliyefariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31 tu, aliacha nyimbo za namna hii zaidi ya 600. Kwa muda wa miaka 80 baada yake aina hiyo ilikua bila kuacha msingi wake, na msingi huo mwanakwaya yeyote wa Tanzania anaujua, maana ndio anaoanza nao kila mazoezi. Msingi huo ni do.

Angalia mwalimu wa kwaya anavyofundisha wimbo mpya. Anaandika ubaoni herufi za solfa, d, r, m, f, s, l, t, na nukta na mistari ya kuonyesha mapigo. Anaitafuta do kwenye kinanda au kwenye koo lake mwenyewe, anaitoa, kisha anagawa: soprano wanapewa so, alto mi, teno do ya juu, besi do ya chini. Wanashika. Mfumo huu ulisambazwa na mchungaji Mwingereza John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakauleta, na hapa kwetu umetia mizizi kuliko huko ulikotoka. Vitabu vya nyimbo za kwaya za Kikatoliki vimejaa solfa, na watunzi kama John Mgandu na Bernard Mukasa wameimbwa na maelfu ya watu ambao hawajawahi kusoma nota za mistari mitano. Nguvu ya solfa ni kwamba do inahama. Wimbo ukiwa juu mno kwa soprano, mwalimu anaishusha do na kila kitu kinashuka nayo. Sauti zote zinajijua kwa umbali wake na do, kama watoto wanaocheza mbali lakini wanajua nyumbani ni wapi.

Mwaka 1908 mtunzi wa Vienna, Arnold Schoenberg, alianza kutunga nyimbo ambazo do yake haionekani. Alichukua mashairi 15 ya Stefan George kuhusu mapenzi yanayoishia bustanini, na kufikia 1909 alikuwa amekamilisha mfululizo ambamo sauti yoyote yaweza kufuata sauti yoyote. Hakuna inayoagiza nyingine zirudi kwake. Mwanafunzi wake Anton Webern alitunga kwa mashairi ya George huyohuyo nyimbo fupi mno, nyingine hazifiki hata dakika mbili. Mpe mwalimu wa kwaya karatasi ya Webern aiandike kwa solfa, naye atakwama mapema. Ataandika fe, ataandika ta, atabadilisha do katikati ya mstari, atabadilisha tena, mpaka ubao ujae alama ambazo hazimsaidii mtu kuimba.

Hilo ndilo tatizo la kweli la kupeleka muziki huu Kansay, na naona ni kubwa kuliko kukosekana kwa piano. Kinanda cha umeme kinapatikana, hata kama kitategemea sola au jenereta. Sikio lililolelewa na do halipatikani dukani na halibadilishwi kwa hotuba. Ila sikio la Kansay halikulelewa na do peke yake; limelelewa na slufay pia, na hilo linaonekana ukiitazama kazi moja ya Schoenberg.

Oktoba 16, 1912, mjini Berlin, mwigizaji wa kike Albertine Zehme alisimama mbele ya watu akiwa amevaa mavazi ya maigizo, na wapigaji wakafichwa nyuma ya pazia. Kazi ilikuwa Pierrot lunaire ya Schoenberg: mashairi 21 ya Albert Giraud, Mbelgiji aliyeandika kwa Kifaransa, katika tafsiri ya Kijerumani ya Otto Erich Hartleben. Yamepangwa kwa mafungu matatu ya mashairi saba saba, na habari zake ni za mwezi, damu, kejeli na hamu ya kurudi kwao. Wapigaji watano walibadilishana vyombo vinane: filimbi na filimbi ndogo, klarineti na klarineti nzito, fidla na viola, selo, piano. Zehme ndiye aliyeagiza kazi hiyo kwa sababu alitaka kitu cha kusema. Schoenberg akamwandikia sauti ya katikati. Mapigo ya kila neno yamepangwa kwa ukali kabisa, na urefu wa sauti umeandikwa kwa nota zenye alama ya msalaba, lakini msemaji anaigusa nota kisha anaiacha mara moja, akipanda au kushuka kama anayezungumza. Haruhusiwi kuimba. Haruhusiwi pia kuongea kawaida.

Wanamuziki wa Ulaya wamebishana zaidi ya miaka 100 jinsi ya kuitoa sauti hiyo. Waimbaji waliosomea opera inawashinda kwa sababu koo lao linataka kukaa kwenye nota. Waigizaji nao inawashinda kwa sababu wanayapoteza mapigo. Mtu ambaye tangu utotoni amewasikia wazee wakisema slufay anaijua kazi hiyo kwa njia nyingine: anajua sauti ya mtu mzima inayopanda bila kuwa wimbo, iliyofungwa na mapigo na mwitikio, na ambayo si maigizo. Sidai kwamba slufay na Pierrot ni kitu kimoja. Slufay ni baraka, inafanya kazi kati ya watu na wao wanaamini inafanya kazi. Pierrot ni mchezo wa akili ya mji mkubwa uliochoka. Ninachodai ni kwamba swali la kwanza la msikilizaji wa Berlin, "Huyu anaimba au anasema?", halitamsumbua mzee wa Kansay. Yeye atakwenda moja kwa moja kwenye swali la pili: anasema nini?

Hata lile pazia la Zehme halitakuwa ajabu katika wilaya hii. Chini, upande wa Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadza, na ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi, mioto ikiwa imezimwa. Wanaume huingia mmoja mmoja na njuga mguuni, kibuyu cha kutikisa mkononi na manyoya kichwani, na wanawake ndio wanaoimba. Mchezaji haonekani vizuri, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kumficha mtu ili sauti ibebe uzito wote ni jambo ambalo watu wa bonde hilo walilijua bila kuagiza kutoka Berlin.

Machi 31, 1913, katika jumba la Musikverein mjini Vienna, Schoenberg aliongoza kazi za kwake, za Webern, za Zemlinsky na za Alban Berg. Nyimbo mbili za Berg zilikuwa zimetungwa kwa maneno mafupi ambayo Peter Altenberg aliyaandika nyuma ya kadi za posta. Watu walicheka, wakapiga kelele, wakarushiana matusi, kisha ngumi. Mwandaaji alimpiga mtu kofi na kesi ikafika mahakamani. Nyimbo za Mahler zilizopangwa kumalizia hazikuimbwa. Ukisoma habari za usiku ule unaona kwamba wengi hawakugombana na mashairi. Waligombana na kukosa mahali pa kushika, ndani ya ukumbi mkubwa uliojaa watu wasiofahamiana, wengine wakiwa wamekuja kwa nia ya kuonekana.

Jibu la Schoenberg lilikuja baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na katika habari yote hii hilo ndilo ninalolipenda kuliko mengine. Mwaka 1918 alianzisha chama cha maonyesho ya faragha. Walioingia ni wanachama tu. Waandishi wa magazeti hawakuruhusiwa kuja kuhukumu. Kupiga makofi kulikatazwa, na kuzomea pia. Programu haikutangazwa mapema, ili mtu asije kwa ajili ya jina fulani na kulikwepa jingine. Mazoezi yalikuwa mengi kupita kawaida, na kazi ngumu zilirudiwa, kwa sababu aliamini kwamba hakuna mtu anayekisikia kitu kipya mara moja na kukielewa. Chama hicho kilidumu miaka michache tu. Lakini tazama alichokuwa anakijenga: watu wachache, waliokuja kusikiliza, wanaorudi, wasiomshangilia mtu wala kumzomea. Alikuwa anatafuta baraza.

Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuna haki ya kuwashangaa wale wa Vienna, maana tumewahi kugombana vivyo hivyo, na sababu ilikuwa ileile. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kwa wengi sheria hizo zilikuwa ndizo ushairi wenyewe: vina vya kati na vya mwisho, mizani 16 kwa mshororo, beti zilizosimama sawa. Halafu Euphrase Kezilahabi, kijana wa Namagondo, Ukerewe, akatoa Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyo na vina wala mizani. Ebrahim Hussein alikuwa ameshaandika "Ngoma na Vailini", shairi linalojiuliza mtu asimame wapi kati ya vyombo hivyo viwili. Waliosema haya si mashairi walikuwa wengi, na baadhi yao walikuwa malenga wakubwa. Mulokozi na Kahigi wakaandika Kunga za Ushairi mwaka 1979 kuutetea upana wa ushairi. Leo Kezilahabi anasomwa shuleni. Kina cha mwisho kilikuwa ndiyo do ya ushairi wetu; kiliondolewa, na maneno yakabaki na kazi ya kujisimamia yenyewe.

Kwa hiyo jioni ya Kansay nisingeifungua na Schoenberg. Ningeifungua na Siti binti Saad. Mwaka 1928, wakati wanafunzi wa Schoenberg bado wanapigania kusikilizwa, mwanamke huyu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo mwaka 1880, alipanda meli kwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri za HMV kwa Kiswahili. Kundi lake lilikuwa dogo, Mbaruku na Budda Swedi wakiwa miongoni mwao, na maisha ya nyimbo zake yalikuwa vyumbani na barazani, katika mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja, kabla na baada ya santuri. Wimbo wake wa Kijiti unahusu mwanamke mgeni kutoka bara aliyeuawa Unguja. Muuaji akakimbilia ng'ambo ya bahari, na wanawake waliokwenda kutoa ushahidi ndio waliotiwa hatiani. Chumba kilichokuwa kikimsikiliza Siti kilikuwa kinasikiliza hukumu ya mahakama ikihukumiwa upya. Hiyo ni kazi ya wimbo wa chumba kidogo katika ukamilifu wake, na ni kwa lugha ambayo kila mtu darasani ataielewa bila mkalimani.

Baada ya Siti, Ravel. Maurice Ravel alikuwa Mfaransa na hakuikataa do kabisa, ingawa aliisogeza mbali. Mwaka 1925 na 1926, kwa maagizo ya tajiri wa Marekani Elizabeth Sprague Coolidge, alitunga nyimbo tatu za Madagascar, Chansons madécasses, kwa sauti moja, filimbi, selo na piano. Maneno ni ya Évariste de Parny, mzaliwa wa kisiwa cha Réunion, aliyeyachapisha mwaka 1787 akidai ni tafsiri ya nyimbo za Wamalagasi. Hakuwahi kufika Madagascar. Hata hivyo wimbo wa pili una jambo la kweli: unaonya wakaaji wa pwani wasiwaamini Wazungu, unasimulia jinsi walivyopewa ardhi kwa ahadi, wakajenga ngome, wakataka kuwatawala wenyeji. Unaanza kwa ukelele. Mkono mmoja wa piano unapiga katika ufunguo tofauti na ule wa sauti, na vyombo vingine vinagonga chini kama silaha. Ulipoimbwa mara ya kwanza Paris mwaka 1925, msikilizaji mmoja aliinuka kupinga, akisema maneno hayo hayafai wakati nchi iko vitani Morocco.

Hapo Karatu wana historia yao ya kuupokelea wimbo huo. Oldeani ilikuwa nchi ya mashamba ya kahawa ya walowezi, na wazee wa wilaya wanajua habari ya ardhi iliyochukuliwa na mipaka iliyochorwa na watu wengine. Kabla ya kuuimba, ningetaka mtu asome maneno yake kwa Kiswahili, kisha kwa Kiiraqw, polepole. Halafu uimbwe kwa Kifaransa chake. Halafu urudiwe, kama walivyofanya Vienna mwaka 1918. Mara ya pili watu watakuwa wameshajua ni wapi ukelele unakuja, na wataanza kuisikia filimbi.

Pierrot lunaire yote ni ndefu kwa jioni ya kwanza, inazidi nusu saa. Mashairi matatu au manne yanatosha, na msemaji wake asiwe mwimbaji wa opera. Ningemtafuta mtu aliyezoea kusimulia, mwenye mapigo mwilini. Maneno yake yatafsiriwe na yasemwe kwa Kiswahili, kwa sababu sauti hii ya katikati haina maana ikiwa msikilizaji hafuati neno. Schoenberg mwenyewe alitunga kwa tafsiri.

Slufay nisingeiweka kwenye programu. Naliona hili kuwa jambo la heshima, wala sitaki lijadiliwe kama suala la ratiba. Baraka haipangwi kati ya namba nne na namba sita ili watu waishangilie. Wazee wakiona inafaa kufungua au kufunga kikao kwa njia yao, hilo ni lao kuamua siku hiyohiyo, na wanamuziki watakaa chini waitikie pamoja na wengine.

Sehemu ya mwisho ya jioni ndiyo ngumu, kwa sababu kazi zake nyingi bado hazijatungwa. Afrika Mashariki ina watunzi waliokwisha kufungua njia. Joseph Kyagambiddwa wa Uganda aliandika oratorio ya Mashahidi wa Uganda kwa misingi ya muziki wa Kiganda, ikahusishwa na sherehe za Roma za mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Padri Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 akachapisha kitabu kuhusu sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu. Justinian Tamusuza, aliyezaliwa mwaka 1951, aliandikia fidla mbili, viola na selo kazi ambayo sehemu yake ya kwanza ilirekodiwa na Kronos Quartet wa Marekani katika santuri ya Pieces of Africa ya mwaka 1992. Ukiisikiliza, wapigaji wanne wa Kizungu wanapishana kwa mapigo ambayo Mganda anayatambua papo hapo, na hakuna aliyelazimika kuigiza Uafrika. Lakini hizo ni kazi za ibada au za vyombo. Shairi la Kezilahabi kwa sauti moja na selo, au maneno ya Kiiraqw kwa mwimbaji na filimbi, ndilo pengo ninalotaka lijazwe.

Na Kiiraqw kitamtaka mtunzi awe makini. Ni lugha ya jamii ya Kikushi, mbali kabisa na Kiswahili. Ina sauti zinazobanwa kooni, ina sauti zinazotokea pembeni mwa ulimi, ina toni. Mtunzi akiipandisha sauti mahali ambapo lugha inashuka, msikilizaji wa Kansay atajua kabla ya mstari kuisha. Vifaa vya kujifunzia vipo: kamusi ya Maarten Mous, Martha Qorro na Roland Kießling ya mwaka 2002, pia maandiko ambayo Paul Berger aliyakusanya miaka ya 1930 na Kießling akasaidia kuyatoa kitabuni mwaka 1998. Lakini kamusi haimwonyeshi mtu jinsi koo linavyofunga neno na kulifungua. Hilo atalipata kwa kukaa na wasemaji. Sauti hizo za kooni ambazo mwalimu wa uimbaji wa Ulaya angezisafisha zitolewe zilivyo, zipigiwe mapigo, ziandikiwe alama yake kama Schoenberg alivyoiandikia sauti ya Zehme nota zenye msalaba. Mtu aliyesomea muziki Makumira au Dar es Salaam, akikaa Kansay msimu mmoja wa kilimo na wasemaji wa lugha hiyo, anaweza kurudi na nyimbo tano. Ziwe fupi kama za Webern. Zisomwe kwanza kwa sauti mbele ya wazee, nao waseme ni mstari gani hauwezi kusemwa hivyo, kabla hajaandika nota hata moja ya filimbi.